Mguu wa Mzee Kihongwe

Hapo kale, katika nchi ya Uingereza, wanyama walikuwa hodari wa kutunga sheria. Waliziandika kwenye ngozi ya kondoo, na kondoo hawakuulizwa.

Sheria moja ilipitishwa mwaka 1593, enzi za Simba Jike aliyeitwa Elizabeth. Wakati huo askari waliotoka vitani Ufaransa na Uholanzi walikuwa wamejaa London. Walichechemea barabarani, wakionyesha vidonda vyao na kuwakera waungwana waliokuwa njiani kwenda kanisani. Sheria ikaamuru kila parokia ichange fedha kila wiki, zisipungue peni 1 wala zisizidi 6, zipelekwe kwa mtunza hazina wa kaunti, naye awalipe askari waliolemaa. Mwaka 1601 kiwango kikapanda, kikawa peni 2 hadi 10. Askari wa kawaida akaahidiwa pensheni isiyozidi pauni 10 kwa mwaka.

Wanyama wakashangilia. Mwenye njaa hasikii "isiyozidi". Husikia pauni 10.

Ndani ya sheria hiyo palikuwa na kifungu kingine. Askari atakayekamatwa akiombaomba atapoteza pensheni yake milele, na atahesabiwa kuwa mhuni mzururaji. Siku ya kushangilia kifungu hicho hakikusomwa kwa sauti.

Miaka ikapita. Karibu na mji wa Chelmsford, katika kaunti ya Essex, aliishi Punda aliyeitwa Kihongwe, mbeba magunia ya kinu. Mwaka 1642 Simba Charles aligombana na Baraza la Mafahali: nani mwenye haki ya kutoza kodi, na nani wa kuongoza majeshi. Wahenga walishasema nani huumia fahali wanapopigana. Huko Essex nyasi hazikungoja kuumizwa tu, ziliandikishwa jeshini.

Siku moja Jogoo alipita kijijini na ngoma. "Nani anaipenda dini yake na nchi yake?" akawika.

Kihongwe alikuwa anakula. Akainua kichwa kutazama kelele zinatoka wapi.

"Huyu hapa amejitolea!" Jogoo akasema, akaandika jina lake.

"Mimi? Nina magunia matano ya kupeleka kinuni, bwana."

"Utalipwa peni 8 kwa siku. Na ukilemaa usiwe na shaka. Mwezi Oktoba Baraza limeahidi hadharani kuwatunza watakaolemaa, na wajane na yatima wa watakaokufa. Unataka ahadi gani zaidi?"

Kihongwe alikuwa anataka kumaliza nyasi zake, lakini kamba ilikuwa tayari shingoni.

Alibeba baruti. Jioni ya tarehe 2 Julai 1644, kwenye uwanda wa Marston Moor karibu na York, radi ikinguruma juu ya majeshi mawili, risasi ya mzinga ilipita chini ya tumbo lake na kuondoka na mguu wa nyuma wa kulia. Upande wake ulishinda siku hiyo. Habari za ushindi aliambiwa akiwa chini.

Alirudi Essex na mguu wa mti. Mishahara yake ya miezi mingi haikuwa imelipwa. Badala ya fedha alipewa hati ya deni yenye mhuri mzuri. Hati hailiki. Mbweha, aliyekuwa afisa katika kikosi chake, alimtembelea kumpa pole na kumwambia kwamba yeye, kwa moyo wake mwema tu, angeinunua hati ile kwa robo ya thamani yake. Kihongwe akashukuru. Mbweha alikuwa na kapu la hati za namna hiyo, na baada ya miaka michache akawa na shamba.

Mwaka 1647 Baraza lilikumbuka ahadi yake na kutoa amri mpya: mahakimu wa kila kaunti watoze michango, walemavu wa jeshi lake wapate kulipwa. Kihongwe akafunga safari kwenda kwa mwandishi wa maombi.

Mwandishi alikuwa Bata Bukini. Aliandika kwa manyoya yake mwenyewe, na kila alipohitaji kalamu alijinyofoa unyoya mbele ya mteja, akapiga kelele, akaongeza bei.

"Sema shida yako, mzee."

"Nimepoteza mguu. Sina kazi. Nina njaa."

"Ovyo kabisa," Bukini akasema. "Ukisema hivyo watakuona una madai. Sikiliza." Akaandika, huku akisoma kwa sauti ya msibani: "Kwa Waheshimiwa Mahakimu, ombi la unyenyekevu la Kihongwe, kiumbe duni kuliko wote, ambaye kwa hiari yake na kwa furaha kuu..."

"Nilifungwa kamba, bwana."

"Kwa furaha kuu," Bukini akarudia, "alitoa mguu wake kwa ajili ya haki, na ambaye hangethubutu kuwasumbua waheshimiwa kama si uzee, vidonda na mzigo wa mke na watoto."

"Sina watoto."

"Wapo. Watatu. Na mwisho tunaandika kwamba utawaombea waheshimiwa kwa Mungu siku zote za maisha yako. Hilo ni bure. Mengine yote ni shilingi 1."

Kihongwe akauza blanketi.

Mahakama ya kaunti ilikaa mara nne tu kwa mwaka: Januari, wakati wa Pasaka, kiangazi, na Oktoba. Karani wake alikuwa Bundi, ambaye kwa maumbile yake hulala mchana, na mahakama ilikaa mchana. Kihongwe alisimama mbele ya meza tangu asubuhi. Karibu na adhuhuri Bundi akafumbua jicho moja.

"Cheti cha kapteni wako kiko wapi?"

"Kapteni wangu alikuwa Farasi Mweusi. Alikufa palepale nilipokatika mguu."

"Basi alete cheti kinachothibitisha kwamba amekufa."

"Nani alete?"

"Kapteni." Jicho likafumba. "Njoo Pasaka."

Pasaka alikuja na ushahidi wa majirani. Bundi akauliza kama majirani walikuwepo vitani. Kiangazi alikuja na daktari, Kunguru, aliyeuzunguka mguu wa mti mara mbili, akaugonga kwa mdomo, akatoa taarifa kwamba mguu haupo, ila hawezi kuapa kwamba uliwahi kuwepo. Oktoba alikumbuka kwamba Mbweha alikuwa afisa na yu hai. Mbweha akamwandikia cheti safi kabisa na kumtoza shilingi 2. Hapo Kihongwe alielewa kwamba mguu wake ulikuwa umeshawalisha mwandishi, daktari na afisa, kabla yeye mwenyewe hajaonja chochote.

Mwenyekiti wa mahakimu, Fahali mnene mwenye kola nyeupe, akasoma ombi, akafuta machozi.

"Tumeguswa, mzee. Umestahili kabisa. Umepewa pauni 2 kwa mwaka."

"Asante, mheshimiwa. Sheria si ilisema 10?"

"Ilisema isizidi 10. Je, 2 imezidi 10?"

"Haijazidi, mheshimiwa."

"Unaona! Tatizo moja dogo tu. Orodha imejaa. Subiri mmoja wa walio juu yako afe, nawe uchukue nafasi yake."

Nje ya mahakama palikuwa na benchi la wanaosubiri. Kihongwe akakaa mwishoni. Hapo ndipo alipoona adabu ambayo hajawahi kuiona jeshini. Kila siku ya malipo wastaafu walipopita kuchukua fedha zao, benchi zima lilisimama kuwaamkia.

"Umeamkaje, Mzee Mbwa? Kifua kinaendeleaje?"

"Kinabana kidogo."

"Pole sana!" benchi likajibu kwa furaha.

"Usiku kimenikohoza mpaka alfajiri."

"Maskini! Na miguu haijavimba?" akauliza Kondoo Kipofu, wa kwanza kwenye foleni, kwa sauti ya mapenzi makubwa.

Mzee Mbwa alikufa mwezi Februari, na Kondoo Kipofu akaingia kwenye orodha. Kondoo naye hakumaliza mwaka. Kihongwe alilia mazishini, machozi ya kweli, na akiwa bado analia alijikuta anahesabu. Zamu yake ilipofika, aliporudi kwenye lile benchi kuchukua malipo yake ya kwanza, Mbuzi mmoja mwenye jicho la kioo alimshika bega na kumwuliza habari za kifua chake.

Pauni 2 kwa mwaka ni peni 480. Vitani alipangiwa peni 8 kwa siku. Kwa maneno mengine, shukrani ya taifa kwa mwaka mzima ilikuwa mshahara wa siku 60, na siku 305 zilizobaki alitakiwa kuishi kwa uzalendo. Hata hivyo zilikuwa fedha. Alinunua shayiri, akakomboa blanketi, akasahau habari za Simba na Baraza.

Simba na Baraza hawakumsahau. Tarehe 29 Mei 1660 Simba Mdogo, mtoto wa Simba Charles ambaye Baraza lilimkata kichwa, aliingia London kwa kengele na maua, na nchi nzima ikagundua kwamba ilikuwa ikimpenda muda wote. Mbweha aligundua mapema kuliko wengi. Bendera hufuata upepo, lakini Mbweha aliutangulia upepo nusu saa. Mwaka 1662 alikuwa amekalia kiti cha uhakimu, utepe wa kifalme shingoni, akisoma sheria mpya: pensheni ni kwa askari maskini na walemavu waliomtumikia kwa uaminifu Mfalme na marehemu baba yake. Orodha ya zamani ikapitiwa jina kwa jina.

"Kihongwe," Mbweha akaita, kana kwamba analisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. "Mguu ulipotelea wapi?"

"Marston Moor, mheshimiwa."

"Upande gani?"

"Wa kulia, nyuma."

Mahakama ikacheka. Mbweha hakucheka.

"Nauliza ulipigana upande gani."

"Mheshimiwa anajua. Mheshimiwa ndiye aliyenisainia cheti."

Kimya. Bundi, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alifumbua macho yote mawili.

"Andika," Mbweha akamwambia Bundi, "kwamba mlalamikaji anatoa lugha isiyofaa kwa mahakama. Na jina lake lifutwe. Mguu wake ulipotea kwa uasi."

"Lakini haujarudi, mheshimiwa," Kihongwe akasema. "Ukifuta jina, mguu nao si ungerudishwa?"

Wakamtoa nje.

Kwenye benchi alimkuta Baghala mmoja mzee, mguu wa mbele hana, ameshika karatasi yenye wino mbichi. Alikuwa askari wa Simba. Amesubiri tangu 1644, miaka 18, akiitwa adui wa nchi, akilala mazizini kwa watu. Leo ndiyo kwanza amepewa pauni 2.

"Uliumia wapi, ndugu yangu?" Kihongwe akamwuliza.

"Marston Moor. Nilikuwa nabeba risasi za mizinga."

"Basi huenda ndiwe uliyeibeba iliyonichukulia mguu."

Baghala akafikiri. "Na wewe ulibeba nini?"

"Baruti."

"Kumbe iliyonipata mimi ndiwe uliyeipa nguvu."

Wakatazamana, kisha wakacheka mpaka Bundi akaamka tena, mara mbili kwa siku moja. Waligundua kwamba pauni 2 za Kihongwe zilizofutwa asubuhi na pauni 2 za Baghala zilizoandikwa adhuhuri zilitoka katika mfuko uleule. Hazina haikuongeza hata peni. Ilichukua chakula kwa kilema mmoja ikampa mwingine, na mahakimu wakarudi nyumbani wakiamini kwamba wametenda haki.

Hata hizo 2 hazikutoka zote. Mtunza hazina alikuwa Panya, mwenye tumbo zito na sura ya huzuni. Alifungua sanduku, akaingia ndani mpaka mkia, akatoka na shilingi 10. "Parokia hazijaleta michango," akasema. "Nyingine njoo Oktoba." Baghala alichukua zile shilingi 10, akanunua shayiri, akaigawa mafungu mawili sawa mbele ya Kihongwe. Hakuna sheria iliyomwamuru.

Majira ya baridi shayiri ilikwisha. Kihongwe alikwenda sokoni Chelmsford, akasimama kando ya meza ya mboga. Hakusema neno. Kofia yake ilikuwa chini kwa sababu kichwa kilimwasha. Mama mmoja akatupia kipande cha figili ndani yake. Papo hapo akatokea Mbwa Konstebo.

"Unaombaomba! Kwa mujibu wa sheria, unapoteza pensheni yako milele."

"Nimeshaipoteza."

Konstebo akakuna sikio. Akafunua daftari, akalifunga. Sheria ilikuwa na adhabu kwa mwenye pensheni anayeomba. Ilikuwa haijafikiria kwamba atakayekuja kuomba ni yule ambaye hana. Baada ya kutafakari sana akapata ufumbuzi: akamchapa viboko vya uzururaji, akamrudishia kofia. Figili alibaki nayo kama ushahidi.

Baghala alikufa kwanza. Kihongwe alizeeka kwa ukaidi wa punda. Akiwa mkongwe wa kuongozwa njiani, habari zikaenea kwamba Simba Mdogo ameweka jiwe la msingi la jumba la askari wazee huko Chelsea, mwaka 1682. Mfalme Louis wa Ufaransa alikuwa ameanzisha lake Paris mwaka 1670, na Simba hawezi kupitwa kwa ukarimu na jirani. Ramani ilichorwa na Christopher Wren, msanifu wa Kanisa la Mtakatifu Paulo. Fedha za kuliendesha zilipatikana kwa njia iliyokuwa karibu zaidi na mkono: mishahara ya askari waliokuwa bado kazini ikakatwa. Punda wachanga wakawa wanajengea wazee paa, kila mmoja akiomba asiuawe kabla ya kufika chini yake.

Jumba lilipokea wakazi wake mwaka 1692. Simba Mdogo mwenyewe alikuwa ameshakufa, na nchi ilikuwa vitani tena na Ufaransa. Kijijini kwa kina Kihongwe akapita Jogoo na ngoma, mjukuu wa yule wa kwanza, sauti ileile.

"Vijana! Nani anaipenda dini yake na nchi yake? Msiogope kulemaa! Chelsea kuna jumba lenye nguzo, bustani, na chakula kila siku. Kuzeeka siku hizi ni raha!"

Punda wadogo wakainua vichwa kutoka kwenye nyasi. Mzee Kihongwe akajikongoja mpaka mbele.

"Mwanangu, jumba hilo limechukua wangapi?"

"476, mzee!" Jogoo akajibu kwa fahari.

"Na jeshi lina wangapi?"

Jogoo akapiga ngoma kwa nguvu zaidi.

Hekaya inaishia hapo. Wanyama ni wa kutunga, lakini sheria za 1593, 1601 na 1662, amri ya 1647, na jumba lenye nafasi 476 ni mambo ya binadamu. Maombi ya askari wa pande zote mbili za vita ile, pamoja na ya wajane wao, yamehifadhiwa kwa maelfu katika nyaraka za kaunti za Uingereza na Wales. Ukiyasoma huwezi kusema serikali za wakati ule hazikuwa na huruma. Zilikuwa nayo, na ziliitungia sheria. Kisha zikamtwika mwenye kidonda kazi yote ya kuthibitisha: alete cheti, alete shahidi, alete nauli, asiombe, asife, na awe ameumia kwa ajili ya yule atakayekuja kushinda. Mwenye mguu mmoja ndiye aliyetakiwa kutembea kuliko wote.

Mtaani kwako hakosekani mzee anayefuatilia mafao yake, faili likiwa "halionekani" na karani akimwambia aje kesho. Kama unajua kuandika, mwandikie barua hiyo, ongozana naye mpaka dirishani, na usimtoze hata senti.